Daftari la Vitu Ambavyo Hatukununua

Nyuma ya mlango wa jiko letu, hapa Walukuba mjini Jinja, kuna msumari, na kwenye msumari limening'inia daftari la kurasa 96. Lilikuwa daftari la hesabu la binti yangu mkubwa. Alijaza kurasa 31, shule zikafungwa. Zilizobaki nimezijaza mimi.

Ilikuwa Machi 2020. Mume wangu ni dereva wa taksi, na nikisema taksi, wa Nairobi mjue ni matatu, wa Dar mjue ni daladala. Usafiri wa abiria ulipopigwa marufuku kwa sababu ya korona, pesa ya nyumbani ilikatika siku hiyo hiyo, maana dereva hangoji mshahara wa mwezi; anakula alichokusanya leo. Watoto wanne wako ndani na hakuna anayejua watarudi darasani lini. Shule za Uganda zilikuja kufunguliwa zote Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye.

Kubana matumizi nilidhani nakujua. Nilikuwa napunguza sukari kwenye chai, nanunua sabuni kipande badala ya mche mzima, nanuna mtoto akiomba soda. Kumbe huko ni kujinyima tu, na vile vipande vya sabuni ukivipigia hesabu vinazidi bei ya mche. Mume wangu, mtu aliyezoea kuhesabu mafuta na abiria, ndiye aliyesema, "Mama, tuandike." Kila tukitengeneza kitu badala ya kukinunua, kinaingia daftarini. Tukachora safu mbili: tungelipa ngapi, na tumetoa ngapi. Wiki ya pili akaongeza safu ya tatu, saa zilizotumika, nami nikamkasirikia kwa sababu niliona ananipima kama kibarua. Leo nakiri kwamba safu hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye ujinga mwingi.

Nianze na lililotulipa kuliko yote, nalo ni kapu.

Jinja ni mji wa bwawa la umeme tangu 1954, lakini pita mitaa yetu jioni uone: kila mlango una sigiri na makaa. Maharage ndiyo yaliyokuwa yanatumaliza. Saa mbili na nusu, wakati mwingine tatu, makaa yanaungua ili chungu kitokote polepole. Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi alicheka, akaomba kapu kubwa lile la kubebea matoke. Akalitandika majani makavu ya migomba, tabaka nene chini na pembeni, juu yake blanketi kuukuu, akaacha shimo la kutosha sufuria. Kwa mfuniko akashona mto, akaujaza vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani wa jirani, ambaye alikuwa anavitupa.

Maharage unayaloweka usiku kucha, asubuhi unamwaga maji yale na kuweka mengine. Unayachemsha kwa moto mkali. Hapa usifanye haraka: maharage mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na joto la kapu peke yake haliiui. Yatokote kweli kweli, povu lipande, si chini ya dakika kumi. Mimi nayapa dakika 25. Halafu funika sufuria, iondoe motoni, iingize kapuni papo hapo, weka mto juu, na usiguse. Usifunue kuchungulia! Binti yangu wa pili alifunua mara tatu siku ya kwanza, tukala maharage yanayoruka kwenye sahani. Ukiyaweka saa nne asubuhi, saa nane au saa tisa mchana yameiva, yanabonyeka kwa ulimi. Unayarudisha motoni kidogo yachemke tena, na hapo ndipo unatia kitunguu na nyanya. Sufuria iwe imejaa. Ikiwa robo tu, joto linakimbia.

Wali unaiva humo pia. Nyama ya ng'ombe nimejaribu, sikuridhika.

Lingine ni chenga za makaa. Kila gunia likiisha, chini hubaki vumbi na vipande vidogo ambavyo nilikuwa namwaga nyuma ya choo. Tunachekecha, tunachukua makopo kumi ya vumbi, tunapika uji mzito wa kopo moja la unga wa muhogo, tunachanganya na nusu kopo la udongo wa kichuguu uliopondwa, kisha watoto wanafinyanga madonge ya ukubwa wa yai. Yanakaa juani siku nne au tano. Ukizidisha udongo unapata majivu mengi na moto mvivu. Ukiyawasha hayajakauka, mtaa mzima utajua. Washa kwanza makaa ya kawaida, yakishika panga madonge juu. Hayana moto mkali wa kukaangia, ila kwa kuchemsha maji ya kuoga au kupasha chakula yanakaa muda mrefu. Kwa kapu na madonge pamoja, gunia lililokuwa linatufikisha wiki tano sasa linagusa wiki ya nane.

Na jamani, sigiri isilale chumbani, hata mvua inyeshe vipi. Moshi usioonekana unaua watu usingizini, na donge la nyumbani linautoa sawasawa na makaa ya sokoni.

Sasa niwaambie la sabuni, maana mtandaoni kila mtu anaandika ushindi wake tu.

Nilisikia kwamba sabuni ya mche ni mafuta, maji na magadi makali ya kutengenezea sabuni (kostiki soda), basi. Nikanunua magadi kwenye duka moja la mjini, nikanunua mafuta ya mawese jerikeni ya lita tano. Mizani sina. Nikapima kwa kikombe, kama mtu anayepika maandazi. Jambo moja tu nililifanya sawa, kumimina magadi ndani ya maji na si maji ndani ya magadi, kwa sababu ukikosea hapo yanaripuka usoni. Mengine yote yalienda kombo. Glavu sikuvaa. Matone yalinirukia vidole viwili vya mkono wa kulia, ngozi ikachubuka, nikala kwa kijiko wiki nzima mbele ya wageni. Sabuni yenyewe iligawanyika: chini maji ya kahawia, juu mafuta yanayoelea. Tuliyafukia. Nenda ukurasa wa 44 wa daftari letu utaona: tungelipa shilingi za Uganda 30,000, tumetoa 47,000, saa saba, na pembeni mume wangu ameandika kwa kalamu nyekundu, "na vidole."

Wapo wanaotengeneza sabuni nzuri na kuiuza, nawajua, lakini wana mizani, wana vipimo, wana glavu na miwani. Mimi nanunua mche mzima sasa, naukata kwa uzi vipande nane na kuvianika juu ya kabati wiki mbili kabla ya kuvitumia. Kipande kilichokauka hakiyeyuki ovyo kwenye beseni. Basi, huo ndio utaalamu wangu wote wa sabuni.

Kuhusu nguo nina neno kwa akina mama wenzangu. Mitumba ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi tunanunua ovyo. Kabla hujaenda kuinama kwenye marundo, angalia shati la baba linakufia wapi. La mume wangu siku zote linakufia shingoni: kola inachanika kwenye mkunjo kwa sababu ya jasho na kidevu, wakati mgongo, mikono na vifungo ni vizima. Marehemu baba mkwe, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo enzi Walukuba imejaa wafanyakazi kutoka kila kona ya Afrika Mashariki (ndiyo maana hadi leo mtaa huu unaongea Kiswahili), alikuwa anageuza kola. Unafumua mshono unaoshikilia kola kwa wembe, polepole, usikate kitambaa. Unaitoa nzima. Upande uliochanika unautilia kiraka chembamba kwa ndani, kisha unaigeuza ili upande mzima, uliokuwa umejificha chini, uje juu. Unaibana kwa pini, unaanza kushona kutoka katikati ya shingo kwenda pembeni ili isikae upande. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili na ikakaa upande. Siku hizi ni dakika 40, uzi wa shilingi 500, na shati linapata miaka miwili mingine. Abiria wanamwona nadhifu.

Mboga sitazirefusha, kila mtu ameshawaeleza habari za gunia: mawe katikati maji yapenye, udongo na samadi ya mbuzi pembeni, matundu ya miche ubavuni. Nitaongeza mawili tu. Anza na dodo, yaani mchicha, siyo sukuma wiki, kwa sababu dodo unaichuma baada ya wiki tatu au nne na hiyo inawapa watoto moyo. Na gunia la nailoni jua linalimeng'enya. Liwekee lingine ndani tangu mwanzo, la sivyo siku moja utakuta bustani imelala chini. Mukene (dagaa, omena, iteni mnavyotaka) nanunua Masese, mwalo wa hapa Jinja, siku za jua kali, nyingi kwa mpigo. Za siku za mvua huwa zimelowa, na bei yake ya chini ni mtego.

Kuna mahali hata mikono haikusaidii. Kila muhula shule inatuma orodha: karatasi za choo, rimu ya karatasi nyeupe, mafagio mawili. Muhula mmoja tuliamua mafagio tutafunga wenyewe. Tukaenda na watoto kukata nyasi, tukazikausha, mama mkwe akawaonyesha namna ya kusuka shingo ya fagio kwa nyuzi za mgomba, yale maganda makavu. Yalitoka mazuri, imara kuliko ya sokoni. Mwalimu akayarudisha. Eti yanatakiwa "ya kununua," yafanane. Binti alirudi nayo analia. Tukanunua, na daftarini nikaandika tungelipa 4,000, tumetoa 4,000, saa tatu. Nilikasirika, bado nina hasira kidogo. Mafagio yale ndiyo tunayofagilia nyumba hadi leo.

Ushauri wangu ukitaka kuanza: usianze na mambo kumi. Chukua daftari lililobaki nusu, chora safu tatu, jaribu kitu kimoja kwa mwezi, na uandike hata kilichoharibika. Saa zako nazo ziandike bila aibu, maana kuna vitu ambavyo ukijumlisha saa zake ni nafuu kumpa fundi, naye ni jirani yako, ana watoto. Na wape watoto kalamu. Wakwangu wameanza kuandika wenyewe, na wana macho makali kuliko baba yao.

Mwezi uliopita binti yangu wa pili alichukua mkasi na kitana, akamkalisha kitinda mimba kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikuwepo. Niliporudi nilikuta kichwa cha mtoto kama shamba lililopitiwa na nguruwe, na daftarini mwandiko mpya umeshakauka: "Kunyoa. Tungelipa 2,000. Tumetoa 0. Dakika 50. Anakataa kwenda shule."