Jiji linataka kumbadilisha mpangaji wa kituo cha watoto, wazazi tuna la kusema?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, analelewa kwenye kituo kilichopo ndani ya jengo la jamii la jiji. Wanaokiendesha ni wapangaji tu, jengo ni la jiji. Sasa mkataba wao unaisha, jiji limetangaza tenda, na kuna mwombaji mwingine ameahidi kodi kubwa zaidi, madiwani wanakaa karibuni kuamua. Wazazi tumegawanyika, wengine wanataka wabaki, wengine wanasema huduma imeshuka bora waje wapya. Mimi ninachoogopa ni mtoto, ameshazoea walezi wake. Tuna la kusema au ndo basi tena?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Pole mama mwenzangu, na la kusema mnalo, tena mapema kabla hawajakaa.

Ila naomba nianze na jambo ambalo labda hutalipenda. Jiji kutangaza tenda sio kosa. Jengo ni la umma, na mpangaji ambaye hapitiwi upya hata siku moja anaanza kuona chumba ni chake, malalamiko ya wazazi yanaishia mlangoni. Kwa hiyo msiende kwa madiwani kupinga tenda yenyewe, mtashindwa mapema, nendeni kuuliza inapimwaje. Hapo ndo penye ishu. Kodi ni namba, ni rahisi kuipa maksi, ila mlezi aliyekaa na watoto walewale kwa miaka hana safu yake kwenye fomu, basi anahesabiwa kama hayupo. Ulizeni maksi ngapi ni za kodi, ngapi za ubora wa malezi, na nani kwenye hiyo kamati amewahi kufanya kazi na watoto wadogo.

Maana mtoto wa umri huo hajui jengo wala mkataba, anajua mtu. Mlezi anayempokea asubuhi ndo anajua huyu hali mpaka kijiko akishike mwenyewe, huyu halali bila kupigwapigwa mgongoni, huyu akinyamaza ghafla ujue homa inakuja, na hayo yote hayajaandikwa kwenye faili lolote, yakiondoka yameondoka. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu uhitaji wa mtoto mdogo kuwa na mtu wa kudumu wa kumshika, na ingawa alikuwa anaangalia zaidi watoto waliotengana na mama zao, wanaoendesha vituo vizuri wamelichukua somo hilo, kila mtoto anapewa mlezi wake maalum.

Ndo maana mimi ningepigania walezi kuliko kampuni. Uingereza wana kanuni za mwaka 2006, wanaziita TUPE, kwamba biashara au huduma ikihamia kwa mwajiri mwingine, kwa kawaida wafanyakazi wanahama nayo na masharti yao ya kazi yanabaki. Nchi nyingi hazina kitu kama hicho, lakini jiji kama mwenye nyumba linaweza kuandika kwenye tenda kwamba atakayeshinda awape kwanza nafasi walezi waliopo, kwa mshahara usiopungua. Mkipata hilo tu mmeokoa sehemu kubwa.

La pili ni leseni, na hili watu wanalisahau kabisa. Sehemu nyingi leseni ya kulea watoto ni ya mwendeshaji, hairithiwi na anayekuja, kwa hiyo mpya anaanza upya, ukaguzi wa vyumba, uchunguzi wa historia ya kila mfanyakazi, na mambo yakichelewa mlango unafungwa wazazi mko kazini mtoto hana pa kwenda. Daini wa zamani asitoke mpaka mpya awe na leseni mkononi, na wapishane kwa muda wakiwa wote ndani.

Kuhusu hao wanaosema huduma imeshuka, wasikilizeni jamani, msiwafanye maadui. Kaeni muulizane imeshuka wapi. Kama ni walezi wachache kwa watoto wengi, hiyo inahesabika: England kwa mfano sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka miwili, na kwa wenye miaka miwili ni 1 kwa 5 tangu Septemba 2023, zamani ilikuwa 1 kwa 4. Angalieni sheria ya kwenu inasemaje, mhesabu asubuhi na jioni. Kituo kikivunja idadi hiyo kila siku hata mimi nitasema mpangaji aondoke.

SWALI: Mwanangu, sisi wastaafu tunaomba ukumbi kwenye jengo kama hilo tunaambiwa watoto wamejaza. Mbona wao wanalipa kodi ndogo na sisi tumelipa ushuru maisha yetu yote?
Mzee mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee. Dai lako ni la haki. Hiyo kodi ndogo ni msaada wa umma, na jiji liseme wazi ni kiasi gani na linapata nini. Vyumba vya watoto wachanga kuchangia ni vigumu, vitanda na viti vyao haviwezi kuhamishwa kila jioni, lakini ukumbi mkubwa na uwanja jioni na wikiendi vinawezekana kabisa. Mkataba mpya ndo wakati wake, nendeni kikao kimoja na hao wazazi muombe masaa yenu yaandikwe humohumo.