Ukienda Kizingitini, Uliza Maji Kwanza

Wageni wengi wanaofika Lamu huishia Mji wa Kale na Shela, wakatazama milango ya nakshi, wakarudi zao. Siwalaumu, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 una mengi ya kumshughulisha mtu. Lakini anayetaka kuona jinsi bahari inavyolisha watu, namshauri avuke hadi kisiwa cha Pate, afike Kizingitini kwa wavuvi wa Kibajuni. Mimi huenda kila nikipata nafasi, na kila anayeniuliza habari za huko humwambia hili kabla ya yote: safari hii haipangwi kwa saa, hupangwa kwa maji.

Basi kutoka Mombasa au Malindi humaliza safari Mokowe, kwenye gati ya upande wa bara. Beba kitambulisho, maana njia ya Garsen na Witu ina vizuizi vya ukaguzi. Kutoka Mokowe hadi Amu, yaani mji wa Lamu, hakuna shida, boti huvuka mchana kutwa.

Boti za Pate ni habari nyingine. Hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakipwa chombo kilichopakia huenda kisipite. Maji nayo huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo boti iliyong'oa nanga jana saa nne, leo huenda ikaondoka karibu na saa tano. Nenda gatini jioni ya kuamkia safari, msalimu nahodha vizuri, kisha umuulize kesho maji ni ya saa ngapi. Jibu lake ndilo tikiti yako.

Tazama na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na kwenye saa nne au saa tano za asubuhi huwa yamekauka kwelikweli. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na hapo nahodha ndiye ajuaye kama chombo chake kitapita. Nimemwona baharia amesimama omoni, upondo mkononi, akiuchomeka majini na kupaaza sauti "Kulia! Kulia tena!" huku injini imepunguzwa na tope likitibuka nyuma yetu, rangi ya chai ya maziwa. Abiria waliendelea na mazungumzo yao. Mtoto alipitishwa mikono kwa mikono hadi kwa bibi yake aliyekaa juu ya gunia la unga. Ukisikia uzito wahamishiwa upande wa pili, hama nawe bila kuuliza maswali. Jaketi la kuokolea maisha livae tangu gatini, hata kama jirani yako amelikalia.

Ukiweza kuchagua majira, nenda wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, lakini kaskazi maji huwa maangavu na wapiga mbizi huzamia kamba mawe, wale kamba wakubwa wa miambani. Kamba akitolewa katika gunia bichi angali hai, ndevu zikitafuta huku na huku, mnunuzi humtia kwenye mizani na bei hukatwa papo hapo. Mimi naweza kukaa hapo hadi adhuhuri. Simama pembeni, usizibe njia ya wachukuzi, na kamera isitoke mfukoni kabla hujaomba ruhusa. Watu hawa wako kazini.

Vaa nguo za kusitiri, mwanamume kwa mwanamke. Ijumaa usitarajie mengi karibu na swala ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani usitegemee mkahawa mchana. Chukua pesa taslimu za noti ndogo ndogo. Kuhusu malazi, ulizia ukiwa bado Amu, upate mwenyeji anayekungoja. Ukishapata, nunua samaki bandarini umpelekee, naye atajua la kumfanya kwa nazi.

Ikiwa unarudi kwa ndege kutoka Manda, usikate tikiti ya siku ile ile unayotoka Pate. Lala Amu usiku mmoja katikati. Ndege ina saa yake, na Mkanda una yake.