Mleta uzi, usishuke kutoka Kitulo hadi Matema kwa siku moja

Mkuu, futa hiyo ratiba. Umeandika kwamba mko wanne, wewe, mke na vijana wawili wa sekondari. Kwamba Februari mnataka muingie Hifadhi ya Kitulo asubuhi mkaone maua, halafu mshuke kwa miguu na jioni hiyohiyo mkaoge Ziwa Nyasa pale Matema. Na kwamba kuna jamaa wa mjini Mbeya amekuhakikishia ni "mteremko mtupu". Umeuliza pia viatu, kiingilio, malazi na mtandao wa simu. Hayo yatasubiri. Hilo la mteremko mtupu ndilo limenitoa mezani chakula kikiwa cha moto.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, neno kwa neno.

Fanya hesabu kidogo. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mnashuka zaidi ya mita 2,000, tena si moja kwa moja, maana Milima ya Livingstone imekaa katikati na ina mabonde yake: unateremka hadi kijitoni, unapanda ng'ambo, unateremka tena. Mtu wa mjini akisikia "kushuka" anafikiri ni kupumzika. Mapafu ndiyo yanapumzika. Mapaja na magoti yanashika breki kila hatua, kama lori linaloshuka Kitonga na mzigo kamili, na wewe unajua lori linalonuka breki pale Kitonga linaishia wapi.

Huyo jamaa wa Mbeya atakwambia wenyeji wanashuka kwa siku moja na mizigo kichwani. Ni kweli kabisa. Wamezaliwa kwenye huo mlima, wanapita hapo tangu wakiwa na miaka sita, na wanaondoka giza halijaisha. Mwanao anayepanda daladala kwenda shule hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sisi tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike na mumewe. Kijana aliyejiita mwongozaji alichukua kianzio, akachelewa kutufuata, akatuambia hakuna haraka. Tukaanza kutembea jua limeshapanda. Juu kwenye majani mambo yalikuwa matamu, tunapiga stori, upepo wa baridi, maua mpaka unakosa pa kukanyaga. Msituni udongo ulikuwa umelowa na mvua ya jana yake, tukaanza kushika mianzi ili tusianguke. Tulipotokea upande wa pili ziwa likajitandaza lote chini yetu, la bluu, na mitumbwi midogo juu yake. Tukakumbatiana tukidhani tumefika. Mkuu, hapo ndipo mlima unapodanganya. Lile ziwa linabaki palepale. Unashuka saa nzima, unainua macho, liko palepale. Unashuka mpaka jua linaegemea, bado liko palepale.

Shemeji ndiye aliyeanza. Kwanza akawa anashuka upande upande, baadaye kinyumenyume huku akishikilia majani, kwa sababu goti lilikuwa halikubali tena kukunja. Mdogo wangu alivua viatu. Kucha za vidole gumba zilikuwa zimeshakuwa nyeusi kwa kugonga mbele ya kiatu. Ukungu ukapanda kutoka ziwani. Njia ikagawanyika mara mbili, nikamwuliza kijana tushike ipi. Akakaa kimya. Ndipo akasema hajawahi kupita pale kwa miguu. Wageni wake wote huwa anawafikisha Matema kwa gari, kupitia Kyela! Alituchukulia hela akatuingiza mlimani kwa njia asiyoijua, na mvua ikiwa imeshaanza kudondoka.

Tuliokolewa na mzee aliyekuwa anarudi na kuni. Alituona, akatua mzigo, akampa shemeji fimbo yake, akatupeleka kwake. Mkewe alitupikia ndizi na maharage bila kutuuliza sisi ni akina nani. Gari tulilolipia litusubiri Matema lilishaondoka, kwa hiyo tulilipa jingine. Lakini hela inarudi. Shemeji ni fundi ujenzi, kazi yake ni kupanda na kushuka jukwaani. Lile goti lilimweka nyumbani hadi akanyang'anywa kazi ya nyumba aliyokuwa ameshaanza kuijenga, ikapewa fundi mwingine. Na yule kijana bado anatangaza safari hiyohiyo, kwa picha zilizopigwa na watu wengine. Nikiziona damu inachemka.

Sheria yangu ni moja: lazima mlale njiani. Usiku mmoja juu kabisa kabla ya kuanza, ili muondoke saa kumi na mbili asubuhi, na usiku mwingine katikati ya mteremko, kijijini, kwa mpango uliokubaliwa mapema na wenyeji. Mwongozaji mtafutieni hukohuko, kupitia ofisi ya hifadhi Matamba, na muulizeni mara ya mwisho alipopita alilala nyumba ya nani. Aliyepita kweli atawatajia mwenye nyumba na mtoto wake wa mwisho.

Na msidhani nawaambia mlale njiani kwa ajili ya magoti peke yake. Ukishuka kwa siku moja unaangalia vidole vyako tu, na sijui kama kuna matembezi mengine Tanzania yanayobadilika namna hii chini ya miguu yako. Juu ni Kitulo yenyewe, wanayoiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyolindwa kwa sababu ya mimea yake kabla ya wanyama. Maua ya okidi peke yake yana aina zaidi ya 40, na hifadhi ilikuja wakati viazi vya mizizi yake vilikuwa vinachimbwa na kusafirishwa Zambia kwenda kupikwa chikanda, chakula cha viazi hivyo na karanga. Ukipita vijiji vya Wakinga kuna viazi mviringo, ngano na pareto, na watoto wamevaa masweta mchana kweupe. Msitu wa Livingstone ndiko anakoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua 2003 tu, ingawa wawindaji wa hapo walikuwa wanamjua siku zote. Ukitoka msituni migomba inaanza, sweta linavuliwa, baadaye kuna kakao, na chini kabisa mpunga na joto la ziwa, na watu wanakusalimia Kinyakyusa, "ugonile". Mambo yote hayo yanataka mtu anayeweza kusimama akatazama, na mwenye goti bovu hatazami kitu.

Februari kwa maua ni sahihi, yanachanua Desemba hadi Aprili. Ila ndiyo miezi ya mvua, na mteremko unateleza kuliko Agosti. Sababu nyingine ya kugawa safari. Viatu: viwe na nafasi mbele ya vidole, mfunge kamba kwa nguvu kwenye kifundo, mkate kucha siku moja kabla. Kila mtu fimbo ya mwanzi, hata vijana, hata wakikataa. Mkitokea Chimala mtapanda zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba, kwa hiyo anayetapika garini akae mbele.

Nikupangie basi. Jumatano mfike Matamba mlale. Alhamisi mzunguke na maua taratibu, mlale juu. Ijumaa alfajiri mwanze kushuka, mchana mkubwa msimame kijijini hata kama miguu inasema inaweza. Jumamosi mmalizie asubuhi mapema, mkiwahi mtakuta soko la Lyulilo pembeni ya Matema, Wakisi, wafinyanzi wa huko ziwani, wanateremsha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Kuoga ziwani ni Jumapili.