Jibu: Mtama unadumaa, mbolea haisaidii

Mkuu, salama. Nimekuelewa: mtama wako wa Kongwa unanyauka hata mvua ikinyesha, na chini yake kuna magugu ya maua mekundu. Kabla hujanunua mbolea nyingine, ng'oa shina moja taratibu pamoja na udongo wake. Ukikuta gugu limeshikamana na mizizi ya mtama, hicho ni kiduha. Huanza kunyonya mizizi ya mtama kabla hakijachomoza, ndiyo maana palizi ya jembe huja imechelewa.

Mimi kiliniliza Bahi misimu miwili. Nilikuwa naking'oa kwa mkono kabla hakijatoa maua, maana mche mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, na hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10. Msimu uliofuata nikapanda karanga na kunde. Mahindi usijaribu, nayo hushambuliwa. Samadi inasaidia, ila si ya ng'ombe waliolishia shamba lenye kiduha. Utairudisha mbegu mwenyewe.

Sasa umesema shamba ni la kukodi. Hapo ndipo pagumu. Nani amwage mikokoteni ya samadi kwenye shamba la mtu, halafu mwakani anyang'anywe? Mwombe mwenye shamba misimu mitatu, iandikwe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Mwenye shamba akikataa, mimi ningetafuta shamba lingine.