Herufi za Brashi kwenye Bango la Mgahawa

SWALI: Nimefungua mgahawa mdogo wa chapati na supu ya ng'ombe. Nilimwomba kijana wa stationari anitengenezee bango lenye sura ya ukarimu, naye akaandika maneno yote, pamoja na bei, kwa herufi kubwa za mtindo wa brashi. Kwa karibu linapendeza, lakini wapita njia walio ng'ambo ya barabara huniuliza limeandikwa nini. Je, nitafute fonti nyingine?
Mama Lishe, Morogoro

JIBU: Mama, usiiache fonti hiyo kabla ya kurekebisha namna ilivyotumika, kwa maana kinacholiharibu bango lako ni herufi kubwa. Ukiitazama Brush Script, fonti ya mtindo huo wa brashi ambayo Robert E. Smith aliichora mwaka 1942 kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders ya Marekani, utaona kwamba herufi ndogo huishia kwa mkia unaofika ukingoni, palepale inapoanzia herufi inayofuata, ili vipande vya madini ya risasi, kila kimoja na herufi yake, ambavyo wachapaji wa zamani walivipanga bega kwa bega, vichapishe neno linaloonekana kuandikwa kwa mkono bila kuinua brashi. Herufi kubwa hazina mikia hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kufungua neno tu. Zikipangwa mfululizo, kila moja huvutia upande wake na madoido yake, na jicho hukosa umbo la neno la kushika. Jina la kanga husomeka vizuri kwa herufi kubwa kwa sababu herufi zake ni za kawaida, zisizo na mapambo.

Mwambie kijana aandike jina la mgahawa kwa herufi kubwa moja mwanzoni, nyingine zote ziwe ndogo, wala asizitanue nafasi kati ya herufi, kwani mikia itaachana na neno litaonekana limekatikakatika.

Neno "ng'ombe" linahitaji uangalifu wa pekee. Kompyuta huipa ritifaa, yaani ile alama (') baada ya "g", nafasi yake yenyewe, hivyo mkia wa "g" huning'inia hewani na "o" husimama mbali kama mgeni. Aisogeze "o" kwa mkono mpaka ikutane na mkia, ritifaa ikae juu ya kiungo hicho. Njia nyepesi zaidi, ambayo mimi ningeichagua, ni kutumia herufi za brashi zisizoungana, mfano wa Dom Casual ya Peter Dombrezian ya mwaka 1951: uchangamfu wa mkono unabaki, lakini kila herufi inajitegemea, na ritifaa haivunji chochote.

Bei na namba ya simu ziandikwe kwa herufi nyoofu na nene. Kabla ya kulipia bango jipya, mwombe akuchapie jina hilo kwenye karatasi ya A4, ulibandike ukutani, kisha uvuke barabara ukalisome mwenyewe.