Kiwanja cha kaka yako na fungu la wajukuu

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unauliza kama zile fedha nilizompa kaka yako akanunulia kiwanja zitahesabiwa siku ya kugawana mirathi, na kama nisingewaandikia wajukuu moja kwa moja badala ya kupitishia kwenu. Umezunguka sana, lakini nimekuelewa. Afadhali uniulize mimi ningali hai kuliko mje kuulizana wenyewe matangani.

Zitahesabiwa. Kaka yako anajua, na alisaini. Katika lile daftari langu la jalada jeusi, kila kitu kikubwa nilichompa mmoja wenu kina neno moja pembeni: zawadi, mkopo au urithi. Zawadi siidai wala siihesabu. Mkopo hulipwa, na nikifa haujalipwa unakatwa kwenye mirathi. Urithi maana yake umechukua fungu lako mapema. Nimeona ndugu wengi wakifikishana mahakamani, na mara nyingi hawagombanii ukubwa wa mali. Wanabishana kitu alichopewa mmoja wao zamani kilikuwa nini hasa, na aliyekitoa hayupo wa kuulizwa.

Kigumu ni bei. Kiwanja kile kilikuwa pori siku kinanunuliwa. Leo kina nyumba na ukuta, na barabara imepita mbele yake. Tukihesabu fedha nilizotoa tu, unapunjika wewe, maana ardhi imepanda. Tukihesabu na nyumba, anapunjika yeye, maana kila tofali ni jasho lake. Ufaransa wana kanuni ninayoipenda: mali aliyotangulizwa mtoto huhesabiwa kwa thamani ya siku ya mgawanyo, lakini kwa hali iliyokuwa nayo siku alipopewa. Basi kitathminiwe kama kiwanja kitupu, kwa bei itakayokuwepo siku hiyo. Ndivyo nilivyoandika, na kaka yako alinuna siku mbili akakubali.

Karo sihesabu, ya mtu yeyote. Gharama za upasuaji wako nazo hazimo daftarini na hazitaingia. Kaka yako asithubutu hata kuzitaja.

Wajukuu sitaki kuwaandika kwa majina. Nikiwataja waliopo, atakayezaliwa mwakani amekosa. Nitaandika "wajukuu wangu wote watakaokuwa hai siku nitakapofariki", yatosha. Tena mtoto mdogo hakabidhiwi mali mkononi. Lazima mtu mzima aishike kwa niaba yake mpaka afikie umri, na kumpata mtu wa kushika mali ya yatima bila kuionja si kazi ndogo. Kwa hiyo fungu lao litakuwa dogo, la masomo tu. Lililobaki litapita kwenu.

Ninachokihofia zaidi ni mmoja wenu kunitangulia, Mungu apishe mbali. Wosia usiposema kitu, fungu lake laweza kuwarudia ndugu zake au kushuka kwa watoto wake, kutegemea sheria inayotumika. Katika sheria ya Kiislamu, mjukuu aliyefiwa na baba harithi kwa babu ikiwa babu ameacha mtoto wa kiume aliye hai. Njia ya kumkumbuka ni wosia, usiozidi theluthi ya mali. Misri, mwaka 1946, walitunga sheria ya kuwapa wajukuu wa namna hiyo sehemu kana kwamba babu ameusia, hata kama hakuandika neno. Sheria nzuri, kwa maoni yangu. Mimi sikutaka kusubiri ya hakimu: fungu la marehemu litaenda kwa watoto wake.

Nyumba ninamoishi sitaihamisha ningali hai, na hilo msinirudie tena. Hati ikishabeba jina lako, anayekudai anaweza kuifuata, na ndoa ikivunjika inaweza kuingia kwenye mabishano. Mimi nitakuwa nimebaki mgeni wa hisani kwenye chumba changu.

Bima na mafao ni habari nyingine. Mahali pengi hulipwa aliyeandikwa kwenye fomu, wosia useme usemavyo. Mama yenu alipofariki nilibadilisha fomu zangu zote. Kaangalie na zako.

Cherehani yake haimo kwenye wosia. Ile ambayo rangi ya gurudumu imelika pale alipokuwa akishika. Sokoni haina bei, ndiyo maana inaweza kuwagombanisha kuliko kiwanja. Njoo uichukue sasa, nitaandika "zawadi".

Ukija na mumeo, asijitolee kuushuhudia wosia. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1837, iliyoigwa na nchi nyingi, shahidi akiwa mrithi, au mume au mke wa mrithi, wosia unasimama lakini alichoachiwa mrithi huyo kinabatilika. Mashahidi nimeshawapata: majirani wawili wasio na fungu lolote.

Baba yako