Usiige Masters: shimo moja lisiamue kombe

Mkuu, futa hiyo sentensi ya shimo moja kuamua kombe kwenye karatasi ya masharti kabla hujaichapa. Umesema unaandaa gofu ya siku mbili hapa Tanga, ukauliza wachezaji wakilingana kileleni uige mtindo wa shindano lipi kati ya yale makubwa manne ya dunia, na handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) ihesabiwe vipi. Halafu ukamalizia kwamba umeshaamua: warudi shimo la 18, mwenye mikwaju michache abebe kombe, wakilingana warudie. Hapo ndipo mashindano yako yatakapoharibikia.

Aliyekwambia "Masters wanafanya hivyo, basi ni haki" amekupoteza. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi kwenye meza ya kuhakiki kadi na unaniudhi, maana anayeutoa huwa haonekani malalamiko yanapoanza. Ni kweli Masters, huko Augusta Marekani, wanacheza shimo kwa shimo, yaani anayezidiwa kwenye shimo anatoka hapo hapo: la 18, kisha la 10, wakiyapokezana mpaka mmoja ashinde. Lakini tazama wenzao. US Open walikuwa wakirudi Jumatatu kucheza mashimo 18 mazima, na mwaka 2018 wakaweka mashimo 2 kwa jumla ya mikwaju. PGA Championship wanatumia 3 kwa jumla tangu 2000. The Open walikuwa na 4, na tangu 2019 ni 3. Watatu kati ya wanne wamekataa shimo moja lifute kazi ya siku nne. Kwao shimo kwa shimo huja baadaye, jumla ikishindwa kuwatenganisha.

Na usidhani hili ni suala la karatasi tu, mtindo ndio unaomchagua bingwa. Royal Troon, Scotland, 1989, The Open: Greg Norman, Mark Calcavecchia na Wayne Grady walilingana, wakacheza mashimo manne kwa jumla. Shimo la kwanza Norman alipiga 3, wenzake 4 kila mmoja. Kwa sentensi yako, mchezo umeisha, Norman bingwa. Lakini walikuwa wanahesabu manne. Kwenye la 18 mpira wa Norman ukaingia banka (shimo la mchanga), hakulimaliza shimo, kombe likaenda kwa Calcavecchia. Simtetei Norman wala simlaumu. Tayari alikuwa ameshindwa kwa mashimo 18 kwenye US Open ya 1984 na kwa shimo kwa shimo Augusta 1987. Hiyo ya Augusta ndiyo itazame vizuri, kwa sababu walikuwa watatu. Seve Ballesteros alikosea kwenye grini (nyasi fupi zenye tundu) ya shimo la kwanza tu, akatoka. Lililofuata, Larry Mize akatumbukiza mpira kutoka nje ya grini, kwisha. Kwa watu watatu au wanne shimo kwa shimo ni ukatili: kosa moja la fimbo fupi na mtu anarudi nyumbani, hata kama siku mbili nzima alikuwa juu.

Shimo moja linapima kitu kimoja. La mikwaju 3, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 3, linaweza kuamuliwa na mpira mmoja uliodunda vizuri. La mikwaju 5 lenye kusi mgongoni ni zawadi kwa mwenye nguvu. Kumpima mchezaji hapo ni sawa na kumpima nahodha kwa wimbi moja. PGA Championship ya 2022, uwanja wa Southern Hills, walipanga vizuri: Justin Thomas na Will Zalatoris walicheza la 13, la 17 na la 18, yaani la mikwaju 5, kisha fupi la 4, kisha refu la 4. La 13 wote walimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya unaotarajiwa. La 17 Thomas akafika grini kwa mpira wa kwanza, akapunguza tena, na mkwaju huo ndio uliomaliza kazi.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na sitabishana juu yake: mashimo matatu, jumla ya mikwaju, aina tofauti, namba zake zimeandikwa kabla ya mpira wa kwanza wa siku ya kwanza. Chagua moja la 3, moja la 4, moja la 5, na ukiweza yasielekee upande mmoja wa upepo. Yawe karibu na klabu ili msipoteze mwanga kwa kutembea.

Handikapu: kama kombe ni la jumla ghafi (mikwaju yote bila kupunguza), usiiguse. Kama ni la neti (baada ya kutoa handikapu), angalia namba za ugumu za hayo mashimo matatu, 1 likiwa gumu zaidi na 18 jepesi zaidi. Ukichagua yote yenye namba 10 hadi 18, mwenye handikapu 18 anapata mkwaju kila shimo na mwenye 9 hapati hata mmoja. Umeshampa mtu kombe bila kujua. Changanya magumu na mepesi.

Saa nazo. Hapa kwetu Oktoba jua linazama karibu saa 12 na robo, na giza halichelewi. Wachezaji wawili wanahitaji kama dakika 15 kwa shimo, yaani 45 kwa matatu, na dakika 15 za kuhakiki kadi kabla yake. Kundi la mwisho limalize saa 10 na nusu, kwa hiyo lianze si zaidi ya saa 6 mchana. Andika pia giza likiingia itakuwaje: ama asubuhi yake waendelee, ama kadi ziamue kwa mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, kisha 3, kisha la 18. Kwenye neti unatoa nusu ya handikapu kwa 9, theluthi kwa 6, moja ya sita kwa 3, na usitupe sehemu za desimali. Na kama makundi yataanza kwa pamoja kwenye mashimo tofauti, andika wazi kwamba 9 za mwisho ni la 10 hadi la 18 kwenye kadi, si yale ambayo kila mtu alimalizia.